Somo: Bahari ya rezini kwenye daiorama ya Lamu

Kila wiki naulizwa jinsi nilivyotengeneza maji ya daiorama yangu, yaani mandhari ndogo ya mfano, ya ufuko wa Lamu. Maji hayo ni rezini, kimiminika kinachoganda kikichanganywa na kigumishi. Naandika leo, kisha nitakuwa naelekeza watu hapa.

Skeli ni 1:35. Mtu wa sentimita 170 anakuwa milimita 49. Mlango wa mita 2.5, milimita 71.

1. Kata ubao, sentimita 30 kwa 20.

2. Nyumba ni povu gumu lililopakwa plasta. Usisahau baraza mlangoni.

3. Paka rangi sakafu ya bahari: kijani hafifu karibu na ukuta, buluu nzito mbali. Rezini ni angavu, kwa hiyo kina chote kinatokana na rangi hii.

4. Maji. Hapa niliharibu kazi ya miezi mitatu. Nilimimina sentimita tatu kwa mkupuo. Rezini ikikutana na kigumishi hutoa joto, na ikiwa nene joto linakosa pa kutokea. Ilifuka, ikawa njano, ikapasuka, na povu la ukutani likanywea. Mara ya pili ikavuja usiku kucha kwa kitundu cha konani ambacho hata sikukiona. Sasa namimina milimita tatu tu, nangoja siku nzima, ndipo naongeza. Kabla ya hapo plasta ikauke kabisa, uipake gundi nyeupe mara mbili, la sivyo itatoa mapovu. Ziba kila kona. Fuata vipimo vya kwenye kopo. Vaa glavu, fungua madirisha.

Swali: Mkuu, siku ya tatu yangu bado inanata.
Jibu: Ulipima?
Swali: Nilikadiria tu.
Jibu: Soma hatua ya 4. Hiyo ikwangue, kigumishi cha kuongeza juu hakiiponyi.

Swali: Nikiwasha feni siwezi kumimina yote pamoja?
Jibu: Hapana. Joto liko katikati, feni inapoza juu na kuleta vumbi.

Swali: Samahani mwalimu, tanga la jahazi umelifanyaje likajaa upepo?
Jibu: Nimefurahi umeliona. Ni kitambaa chembamba cha pamba, nimekitia rangi kwa chai isiyo na maziwa. Likate, lifunge kwenye foromali (mti unaoshika tanga), lichovye katika gundi iliyozimuliwa kwa maji, kisha lilaze juu ya puto hadi likauke. Toboa puto, umbo linabaki.

Swali: Na kamba? Zangu zina manyoya.
Jibu: Vuta uzi juu ya nta ya mshumaa usiowashwa mara mbili tatu, halafu upitishe katikati ya vidole vyenye joto. Manyoya yanalala.