Bastola ya Kujilinda kwa Mwanamke Anayependa Rangi: Hatua Ninazompitisha Hapa Mtwara

Mwanzoni mwa msimu wa korosho alinijia mama mmoja wa Mikindani mwenye duka la jumla. Alinionyesha kwenye simu picha ya bastola ya zambarau, mtutu hadi mpini. "Afande, naitaka hii. Nyeusi ni ya polisi, siibebi." Vijana wawili waliokuwa barazani walicheka. Mimi nilimvutia kiti.

Nimebeba bunduki miaka kumi na minane nikiwa askari wa wanyamapori, kwanza upande wa Liwale, kisha Lukwika-Lumesule. Tangu nistaafu nawafundisha raia wenye leseni, na wengi wao ni wanawake. Nimejifunza kwamba mtu anayekipenda chombo chake hukisafisha, hukifanyia mazoezi, na hakisahau chini ya kiti cha gari. Kwa hiyo mwanamke akinitajia rangi namsikiliza. Rangi ina kazi kwenye bastola, hasa kwetu huku pwani. Kinachotakiwa ni kuiweka mahali pake.

Hatua ya 1: Kibali kwanza, duka baadaye

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, na aonyeshe kwamba anaweza kuitumia silaha kwa usalama. Maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji chako, hupanda kata, wilaya na mkoa, hadi kwa msajili wa silaha wa Jeshi la Polisi. Yana hojaji, na utaulizwa kwa nini unaitaka. Jibu ukweli wako: unarudi na mauzo usiku, unaishi peke yako shambani, chochote kile.

Usilipe hata shilingi ya kianzio kabla kibali hakijatoka. Na yeyote atakayekunong'oneza kwamba ana bastola "iliyovuka Ruvuma" kwa bei ya kutupa, mkimbie. Hujui imefanya nini huko ilikotoka, na siku utakayokamatwa nayo itakuwa yako.

Wakati unasubiri, soma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, sehemu inayohusu kujitetea. Nguvu utakayotumia lazima iwe ya kiasi kinachostahili hatari iliyo mbele yako. Mwizi anayekimbia na mkoba wako si wa kupigwa risasi. Komeo imara, taa ya nje na namba 112 kwenye simu vinatangulia bastola siku zote.

Hatua ya 2: Mkono wako ndio unaochagua

Hapa usiniambie rangi kwanza. Zipange bastola tatu au nne mezani, zote tupu. Nikisema tupu nina maana hii: toa magazini (kile kikasha cha risasi ndani ya mpini), vuta slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza) hadi mwisho, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe. Rudia hata kama muuzaji kafanya hivyo mbele ya macho yako.

Shika mpini juu kabisa, ile kona kati ya gumba na kidole cha shahada ibane nyuma ya mpini. Mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa mkono wako wa mbele. Sasa elekeza bastola kwenye ukuta salama na ugusishe kidole kwenye kifyatulio. Nyama ya ncha ya kidole ikifika bila mkono kuzunguka, bastola hiyo ni saizi yako. Ikibidi uupinde mkono ili ukifikie, mpini ni mnene, iweke pembeni hata kama ina rangi ya dhahabu.

Halafu kukoki. Wanawake wengi wameshaambiwa hawana nguvu za kuvuta slaidi. Wengi wao nguvu wanazo, ila wamefundishwa vibaya. Usiifinye kwa vidole viwili kama unayechuma kisamvu. Ilete bastola karibu na kifua, mtutu ukitazama mbele kulekule salama, funika slaidi kwa kiganja kizima, kisha mkono ulioshika mpini usukume mbele huku wa juu ukivuta nyuma. Mama wa Mikindani alishindwa mara mbili, mara ya tatu ikalia "klak" safi, na ukucha mmoja wa bandia ukaruka mezani. Hina na piko havina tatizo lolote. Kucha ndefu za kubandika zinakwama kwenye slaidi na kwenye kujaza magazini. Zikate, au fanya mazoezi nazo hadi ujue zinapokwamia.

Kama mkono kweli una maumivu ya viungo, zipo bastola zilizoundwa kwa ajili hiyo. Smith & Wesson walitoa Shield EZ ya .380 mwaka 2018, slaidi yake ni laini kuivuta. Rivolva, ile bastola yenye ngoma ya risasi inayozunguka, haina slaidi kabisa, lakini kifyatulio chake ni kizito, na kidole dhaifu kitayumbisha mtutu.

Ogopa ushauri wa "mwanamke mpe ndogo". Bastola kama Ruger LCP haifiki hata gramu 300 bila risasi. Mfukoni ni tamu, ukiifyatua inakupiga teke la kukutoa hamu ya mazoezi. Bastola ya ukubwa wa kati, kama Glock 19 yenye gramu 600 hivi bila risasi, inameza teke lile kwa uzito wake.

Hatua ya 3: Risasi

Chukua milimita 9 isipokuwa una sababu ya kufanya vingine. Imekuwapo tangu 1902 na ndiyo iliyoenea kuliko risasi zote za bastola. Kwa rivolva, .38 Special. Ile ya .22 ni nzuri kwa kujifunzia, ila risasi zake hugoma kulipuka mara nyingi zaidi ya hizo nyingine, na usiku wa manane hutaki kusikia "tik". Kabla ya kununua hakikisha kibali chako kinaitaja aina hiyohiyo.

Hatua ya 4: Sasa tuzungumze rangi

Jambo la kwanza ni chumvi. Ukikaa Shangani au Lindi mjini unajua upepo wa bahari unavyokula mabati na grili. Bastola nayo ni chuma. Ule weusi wenye kivuli cha buluu kwenye bastola za zamani ni utando mwembamba sana, na bila mafuta haukulindi. Nilikuwa na moja ya namna hiyo. Niliihifadhi ndani ya mfuko wake wa ngozi kabatini, mvua za Januari zikaingia, nikaifungua mwezi wa nne. Upande uliogusana na ngozi ulikuwa na vidoa vyekundu kama ukurutu, na viwili vilikuwa vimeshachimba chuma. Ngozi hufyonza unyevu na kuushikilia. Tangu siku hiyo silaza silaha kwenye ngozi.

Kwa hiyo unapochagua rangi, unachagua koti. Nikeli inang'aa kama sufuria mpya na inapendeza sana, ila ikibanduka sehemu moja kutu huingia chini yake na kutambaa. Chuma kisichoshika kutu kina rangi ya fedha iliyopoa na kinavumilia, ingawa kwa chumvi yetu nacho hupata madoa usipokifuta. Plastiki ngumu ya mwili wa bastola za kisasa hutiwa rangi ikiwa bado uji kiwandani, kwa hiyo rangi imo hadi ndani na mkwaruzo hauonekani sana. Halafu kuna Cerakote, rangi yenye kauri inayopuliziwa na kuokwa kwenye oveni. Hiyo inakuja kwa rangi nyingi mno, na dhidi ya chumvi inafanya kazi nzuri sana. Ukipata iliyopakwa tangu kiwandani, chukua.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Siku ya Idi pita Chikongola uone. Karibu kila mtoto wa kiume ana bastola ya plastiki: ya pinki, ya kijani, ya njano. Sasa mtoto wako wa miaka mitano afungue droo akute ya zambarau. Hataona silaha, ataona zawadi ya Idi aliyofichwa. Na mtu mzima aliyekuja kukudhuru naye anaweza kudhani ni mwanasesere, asirudi nyuma, akakulazimisha kufanya ambalo weusi wa chuma ungeweza kulizuia. Ndiyo maana nawashauri wanafunzi wangu mwili wa bastola ubaki kwenye rangi tulivu: kijivu cha mkaa, kahawia ya udongo, kijani cha mkorosho uliokomaa, fedha iliyopoa. Hizo nazo ni rangi, na zina uzuri wake.

Jambo la tatu: usiipeleke kwa fundi wa kupuliza magari. Rangi ya gari huingia kwenye chemba na kwenye kizuizi cha usalama, huyeyuka ikikutana na dawa ya kusafishia mtutu, na mbaya kuliko yote huziba namba ya usajili. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye leseni yako. Ikifichika, utaeleza nini kituoni? Matengenezo ya silaha ni ya fundi mwenye leseni ya kazi hiyo.

Sasa mama yetu alinuna kidogo. "Kwa hiyo zambarau yangu ndiyo imekufa?" Haikufa. Tuliiweka mahali pengine.

Bastola nyingi za chuma au aluminiamu, kama zile za ukoo wa CZ 75, zina vibao viwili vya mpini vinavyoshikiliwa kwa skrubu. Vibao hivyo hubadilishwa bila kugusa sehemu inayofyatua. Na sisi tuna mpingo. Moyo wa mpingo ukiupiga msasa laini, kisha tone la mafuta, ukausogeza juani, ule weusi unatoa zambarau iliyokolea kama bilinganya. Ni mti mzito unaozama majini, una mafuta yake mwenyewe na hauvimbi ovyo kwa unyevu. Tulimuuliza kwanza mkuu wa kituo kama kuna pingamizi, akasema hakuna. Kisha tulivifungua vibao vya zamani, bastola ikabaki nyumbani chini ya kufuli, tukampelekea mchongaji vibao peke yake kama kipimo. Usimpelekee fundi seremala bastola, hata kama ni mjomba wako.

Hatua ya 5: Rangi ya kucha kwenye shabaha

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Pale mwishoni mwa mtutu kuna kijino cha kulengea. Kwenye bastola nyingi ni cheusi, na jioni kinapotea kabisa. Kichague rangi inayokurukia machoni. Bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine, futa kijino kwa pamba yenye spiriti. Paka tabaka moja jembamba la rangi ya kucha nyeupe upande unaokutazama wewe, acha ikauke kabisa. Juu yake paka chungwa kali au kijani cha ndimu, matabaka mawili kwa ncha ya kijiti cha meno. Kijino cha nyuma kiache cheusi.

Nyekundu iliyokolea usitumie, kwenye mwanga hafifu jicho linaiona kama nyeusi. Nyeupe ya chini ndiyo inayoifanya chungwa iwake. Ikibanduka baada ya miezi, unapaka tena. Mama alileta chupa saba za rangi ya kucha tukazijaribu moja moja saa kumi na mbili na nusu jioni, uani kwake. Chungwa ilishinda.

Hatua ya 6: Mahali pa kuibebea

Dera halina mkanda, baibui vilevile. Kuna mkanda mpana wa kuvaa tumboni wenye mfuko wa bastola, unavaliwa ndani ya dera lenye mpasuo wa pembeni. Kama ni mkoba, uwe na mfuko wa peke yake kwa bastola, na bastola iwe ndani ya kifuniko kigumu kinachoziba kifyatulio chote. Isilale na funguo, chenji na wanja. Mkoba wenyewe uwe na rangi yoyote roho yako inayotaka. Ila ukishaweka bastola ndani, mkoba huo hauachwi kwenye kiti cha harusini wala haushikwi na mtoto.

Nyumbani, kasha la chuma lenye kufuli lililofungwa ukutani. Ndani weka vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja kwenye viatu vipya, na uvibadilishe. Mara moja kwa wiki ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya silaha. Wakati wa mvua, mara mbili.

Hatua ya 7: Kuijaribu kabla hujaizoea

Nenda kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, ukiwa na mkufunzi, kinga ya masikio na miwani. Risasi hamsini, mita saba, karatasi yenye duara la sahani ya chakula. Piga polepole, moja moja. Ikigoma au kukwama hata mara moja, andika ni risasi ya ngapi na magazini ipi, usiseme "bahati mbaya".

Mama wa Mikindani alikuja na bastola ya milimita 9 ya kijivu cha mkaa, vibao vya mpingo, nukta ya chungwa, na mkoba wa zambarau begani. Arobaini na mbili zilikaa ndani ya sahani. Nane zilizobaki zote zilikwenda chini kushoto, na yeye ni wa mkono wa kulia. Maana yake anakivuta kifyatulio kwa pupa. Jumamosi ijayo tunarudi kwenye kidole.