Somo: Kubadilisha dirisha la paa la gari-nyumba, tundu la 400 x 400

Madirisha ya plastiki ya juu ya paa huchakaa kabla ya gari lenyewe. Jua hulitia tufe la akriliki (mfuniko wa plastiki angavu uliobinuka juu) nyufa nyembamba kama utando wa buibui, fremu hugeuka njano na kuvunjika ukiigusa, bawaba hulegea. Lakini maji yanayoozesha paa mara nyingi hayapiti kwenye mipasuko hiyo inayoonekana. Hupenya chini ya fremu, mahali mastiki (dawa laini ya kuzibia) ilipokauka na kuachana na paa. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kusafisha na kuziba. Kufunga dirisha jipya ni sehemu ndogo tu.

Kabla ya kununua. Ondoa fremu ya ndani (ile yenye wavu wa mbu na pazia), kisha pima tundu lenyewe. Usipime fremu, kwa sababu inafunika tundu kwa sentimita kadhaa kila upande. Magari mengi ya Ulaya yana tundu la milimita 400 x 400, na Mini Heki ya Dometic na Vent 40 ya Fiamma zote huingia humo. Bafuni utakuta 280 x 280, na juu ya sebule huenda likawa 700 x 500. Pima pia unene wa paa kwenye pembe zote nne. Skrubu hufungwa kutoka ndani na kuzivuta fremu mbili zikutane zikiwa zimelibana paa katikati. Skrubu ikiwa ndefu mno hugota kabla fremu haijabana, na ikiwa fupi haishiki. Hakikisha dirisha unalonunua limeandikiwa unene wa paa lako.

Vifaa. Tepu ya butili (mpira laini unaonata) ya upana wa milimita 30 hivi na unene wa milimita 3: mzunguko mmoja hula karibu mita 2, hivyo roli ya mita 5 inatosha na kubaki ya kujazia. Ukipenda mastiki ya mrija, chagua ile isiyokauka, na uwe na mirija miwili ya mililita 310. Halafu kikwangulio cha plastiki, bisibisi ya mkono, draya ya nywele, spiriti nyeupe (ile ya kuyeyushia rangi), vitambaa vingi, tepu ya karatasi ya wapaka rangi na kipimo cha unyevu.

Kutoa la zamani. Chagua siku kavu yenye joto la nyuzi 10 au zaidi. Zima umeme wa volti 12 kama dirisha lina feni au taa. Usipande juu ya paa. Simama kwenye ngazi pembeni ya gari, au fanya kazi kutoka ndani ukiwa umechomoza kifua tunduni. Fungua skrubu zote za ndani, kisha pitisha kikwangulio chini ya ukingo wa fremu ya nje. Ikigoma, pasha ukingo kwa draya na uendelee taratibu. Msiweke bunduki ya joto hapo: chini ya ngozi ya paa kuna povu la polistireni, na likiyeyuka paa hubonyea na halirudi.

Kukagua mbao. Hapa msiwe na haraka. Kingo za tundu huzungukwa na vipande vya mbao ndani ya paa. Chomeka ncha ya bisibisi: mbao nzima hugoma, iliyooza humeguka kama mkate uliolowa na kutoa harufu ya uvundo. Kipimo kikisoma chini ya asilimia 15, endelea. Kati ya 15 na 20, acha tundu wazi chini ya turubai ulikaushe kwa siku kadhaa. Zaidi ya hapo, chokonoa mpaka ujue maji yamefika wapi. Mbao iliyooza lazima itolewe na kuwekwa mpya, kwa sababu fremu mpya haina cha kubana na itavuja hata kwa mastiki bora.

Kusafisha. Kwangua mastiki yote ya zamani. Paa likiwa la alumini au faibaglasi, malizia kwa spiriti nyeupe, ukibadilisha kitambaa kila kinapochafuka, mpaka kidole kisiteleze wala kisinate. Kipande kidogo cha mastiki kuukuu kilichobaki ndicho kitakachokuwa njia ya maji. Spiriti isiguse akriliki. Akriliki huoshwa kwa maji ya sabuni tu.

Kufunga. Weka dirisha bila mastiki kwanza, uone linakaa sawa. Bawaba zielekee mbele ya gari, ili upepo wa safarini ukandamize mfuniko badala ya kuung'oa. Zungushia tepu ya karatasi nje ya alama ya fremu. Bandika butili chini ya ukingo wa fremu bila kuivuta, na mwanzo na mwisho vipandane kwa sentimita 2, mbali na pembe. Palipo na mifereji ya paa ongeza tabaka la pili. Shusha fremu wima, bila kuiburuta. Ndani, kaza skrubu kwa mkono, kidogo kidogo, kwa mpangilio wa msalaba, mpaka butili itokeze sawasawa pande zote. Drili huvunja nguzo za plastiki zinazoshika skrubu, na ufa wake hauonekani mpaka mvua inyeshe. Siku ya pili kata butili iliyozidi kwa kikwangulio. Baada ya wiki kaza tena robo mzunguko, kwani butili huwa imetulia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, silikoni ninayo nyumbani. Haiwezi kutumika?*
Hapana, ndugu. Huachana na paa linapotanuka na kusinyaa, na ikishapakwa hakuna mastiki nyingine itakayoshika juu ya mabaki yake. Gundi ya poliurethani nayo hushika kupita kiasi: siku ya kulitoa dirisha utang'oa na ngozi ya paa.

*Tufe pekee ndilo limepasuka. Lazima nitoe fremu?*
Kama mastiki ya pembeni bado ni laini ukiibonyeza na kipimo cha ndani kinasoma vizuri, nunua tufe la modeli hiyohiyo. Hutolewa kwenye bawaba bila kugusa paa.

*Baridi ya Ujerumani inaingia kupitia kwenye dirisha hata likifungwa. Niyazibe yale matundu?*
Usiyazibe, dada. Hayo ni matundu ya hewa ya kudumu yanayodaiwa na kiwango cha Ulaya cha EN 721, kwa sababu unapika kwa gesi mahali unapolala. Yakizibwa, hewa ya sumu hukosa pa kutokea.

*Shikamoo fundi. Niko Arusha, nataka dirisha hili kwenye Land Cruiser yenye paa la chuma.*
Marahaba. Inawezekana, ila bati ni jembamba, kama milimita 1, na dirisha linahitaji unene. Tengeneza fremu ya mbao ngumu ndani, unene wa milimita 25 au zaidi kulingana na dirisha, iliyogandishwa kwenye bati. Kabla ya kukata, tafuta mbavu za paa zilipo na uzikwepe. Kingo za bati ulilokata zipigwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili na zikauke kabisa ndipo butili iwekwe; kutu ikianza chini ya mastiki huinua butili na maji huifuata.