Jiko la mgonjwa wa skizofrenia: namna ya kumlisha anayetumia dawa

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili, naye humeza dawa iitwayo olanzapini kila usiku, na kazi yangu jikoni ni kumsaidia asiiache. Dawa hiyo imemtulizia sauti alizokuwa akizisikia peke yake, lakini imemletea njaa isiyoshiba. Wengi huacha dawa kwa sababu ya kunenepa, kisha ugonjwa unawarudia. Kwa hiyo ninyi mnaouguza ndugu zenu nyumbani, msitegemee chakula kimponye mtu skizofrenia. Kinamlinda na madhara ya dawa, ili aweze kuendelea nayo.

Anza na mzani. Mpime kabla hajaanza dawa ikiwezekana, halafu kila wiki kwa wiki 6 za mwanzo, na kiuno pia kwa futi ya fundi cherehani. Omba kliniki wampime sukari na mafuta ya damu mwanzoni, tena baada ya miezi 3, kisha angalau kila mwaka. Kilo zikipanda haraka, mwambie daktari mapema. Wapo wanaobadilishiwa dawa, na wapo wanaoongezewa metformini, dawa ya kisukari inayosaidia kupunguza kunenepa.

Njaa ya olanzapini hubisha hodi usiku. Usimfungie kabati wala kumsimanga kwa sahani ya pili. Nyumba yenye masimango humrudisha mgonjwa wodini. Mimi hubadilisha kilichomo kabatini. Kwetu Tanga soda na juisi za paketi haziingii ndani, kwa mtu yeyote, ili asijione ameadhibiwa peke yake. Usiku anakuta tango, karoti, maharage ya jioni na mtungi wa maji. Sahani yake ya mchana nusu ni mchicha au matembele, robo ugali wa dona, robo vibua vya kuchoma, dagaa au kunde. Jioni tunatembea pamoja hadi Raskazone na kurudi. Mazoezi yanasaidia mwili na yanasaidia hata fikra, na yeye hulala vizuri zaidi akitembea.

Anayetumia klozapini, dawa nyingine ya skizofrenia, muulize habari ya choo kila siku, bila haya. Dawa hiyo huupunguzia utumbo mwendo, na kufunga choo kukipuuzwa kunaweza kuua. Papai, mlenda, maharage na maji vinasaidia, lakini mara nyingi havitoshi, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo. Tumbo likivimba, likiuma, au akitapika, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Jambo jingine ni sigara: moshi wake hulifanya ini liimalize klozapini upesi, na olanzapini pia. Akitaka kuacha, jambo jema kabisa, daktari ajue kwanza, maana dawa itapanda mwilini na kipimo kitahitaji kupunguzwa. Kahawa nayo huipandisha klozapini, basi asianze ghafla kunywa vikombe vingi. Bangi na mirungi vinachochea ugonjwa wenyewe. Hapo sina mjadala.

Mtaani utauziwa vitamini kama tiba ya ugonjwa huu, kwa bei ya mbuzi. Habari ya vitamini B3 ilianzia Kanada miaka ya 1950, kwa madaktari Abram Hoffer na Humphry Osmond, waliowapa wagonjwa dozi kubwa. Mwaka 1973 jopo la chama cha madaktari wa akili wa Marekani lilichunguza tiba hiyo na halikuona faida yake, na dozi kubwa zinaweza kuumiza ini. Mafuta ya samaki yalileta matumaini Vienna mwaka 2010 kwa vijana waliokuwa hatarini kuugua, lakini utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa 2017 haukuona tofauti. Fedha hiyo mimi naipeleka Deep Sea kununua samaki. Omba apimwe vitamini B12, foleti (vitamini B9) na vitamini D. Kikipungua kitu, kiongezwe kwa kipimo cha daktari.

Dua na kisomo tunafanya, na dawa inamezwa palepale. Mizizi ya kunywa siikubali, wala mtu anayetaka dawa ya hospitali isimamishwe kwanza. Ramadhani ikikaribia, nenda kliniki mapema: dozi moja ya usiku hupatana na mfungo, dozi mbili zahitaji kupangwa upya. Kama hajatulia, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula.

Zipo siku atakataa chakula akisema kimetiwa sumu. Usibishane, wala usimchanganyie dawa kwenye uji kwa siri. Akigundua, hofu yake imepata ushahidi. Kuleni sinia moja, yeye apakue kwanza. Mpe yai la kuchemsha lenye ganda, ndizi isiyomenywa, maji ya chupa aifungue mwenyewe. Mwambie, "Naona unaogopa, nipo hapa." Siku nzima ikipita hajanywa chochote, mpeleke hospitali.