Takwimu kwa mwanafunzi wa saikolojia: weka haya sawa kabla ya lekcha ya kwanza

Wengi wanaochagua saikolojia chuoni wanakuja wakiamini hesabu waliziacha sekondari, alafu wanafungua ratiba wanakuta takwimu na ni somo la lazima. Nimekaa na wengi jioni tukirudia mada, na nilichokiona ni kwamba wanaokwama mara nyingi hawakwamishwi na hesabu, wanakwama kwa sababu hawajui namba iliyo mbele yao imetoka wapi na inasema nini. Kwa hiyo maandalizi yenyewe si makubwa, wiki mbili za likizo zinatosha, ila yafanye kabla maana muhula ukishaanza hupati nafasi ya kurudi nyuma.

Hesabu tumalizane nazo kwanza. Unahitaji MAGAZIJUTO ile ile ya shule ya msingi, namba hasi, desimali, asilimia na kipeuo cha pili, basi. Kipya ni alama ya sigma, Σ, ambayo inakwambia tu jumlisha vyote. Angalia mabano lakini: ukiwa na 2, 3 na 4, ukizidisha kila namba kwa yenyewe alafu ukajumlisha unapata 29, ukianza kujumlisha ndo ukazidisha jibu kwa lenyewe unapata 81. Maksi nyingi zinapotelea hapo. Kalkuleta ya sayansi uwe nayo na uizoee nyumbani, kwenye mtihani hakuna muda wa kuanza kutafuta kitufe.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mtu aje analijua tayari ni aina za namba. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Stevens wa Harvard alizigawa mafungu manne, nominali, odinali, intavali na resho, na mgawanyo huo utaukuta mpaka leo kwenye kila kozi ya mwanzo. Nominali ni namba ya jina tu, kama ukisema 1 ni Mwislamu na 2 ni Mkristo. Odinali ina mpangilio, wa kwanza, wa pili, wa tatu, ila hujui wamepishana kiasi gani. Intavali hatua zake ziko sawa lakini sifuri yake si sifuri ya kweli, kama nyuzi joto za selsiasi. Resho sifuri yake ni kweli hakuna kitu, mfano sekunde alizotumia mtu kubonyeza kitufe. Mimi mwaka wa kwanza niliingiza jinsia, 1 mwanamume 2 mwanamke, nikaomba wastani na programu ikanipa 1.6 bila kulalamika, nikaiandika kwenye ripoti. Programu itakokotoa chochote utakachoiambia, wa kujua kama jibu lina maana ni wewe.

Alafu fanya wastani na standadi divieshini (kipimo cha namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani) kwa mkono, angalau mara moja, na karatasi. Chukua PHQ-9, lile dodoso la maswali 9 la dalili za sonona ambalo lina tafsiri ya Kiswahili pia, alama zake zinaanzia 0 mpaka 27 na kuanzia 10 hivi ndo watu wengi wanachukulia kwamba huyu anahitaji kuangaliwa zaidi. Tuseme kundi moja lina watu watano wenye 5, 6, 7, 8, 9 na jingine lina 2, 4, 4, 5, 20. Jumlisha, gawanya kwa tano, yote mawili wastani ni 7. Sasa toa wastani kwenye kila alama, zidisha jibu kwa lenyewe, jumlisha, gawanya kwa 4 (idadi ya watu toa moja, kwa sababu hii ni sampuli), tafuta kipeuo: kundi la kwanza linakupa kama 1.58, la pili kama 7.35. Na ukiangalia namba ya katikati, kundi la pili ni 4 tu. Yaani ukiripoti wastani peke yake umesema makundi haya ni sawa, wakati kwenye la pili kuna mtu ana 20, hali yake ni nzito na anatakiwa apate msaada haraka, na wewe umemfunika na wenzake wanne walio vizuri. Mimi hapa ndo nilipoanza kulipenda hili somo, maana niliona kumbe mtawanyiko ni watu.

Kuhusu p, ile namba ya uwezekano utakayoikuta kwenye matokeo ya majaribio ya takwimu, usikariri kabla hujaigusa. Chukua sarafu, irushe mara 20, hesabu vichwa, rudia hivyo mara kumi. Utapata 8, 12, pengine 13, na sarafu haina kosa lolote. Kupata 15 au zaidi inawezekana pia ila ni kama mara 2 kwa kila majaribio 100. p ndo swali hilo hilo: kama kweli hakuna tofauti yoyote, matokeo kama haya au makali zaidi yangetokea mara ngapi? Haikwambii kwamba nadharia tete yako, yaani dhana unayoipima, ni kweli kwa asilimia fulani. Mpaka wa 0.05, ambao p ikishuka chini yake watu wanayahesabu matokeo kuwa si ya bahati tu, aliueneza mwanatakwimu Fisher kuanzia 1925, ni makubaliano tu, na watu wakiuabudu madhara yake ni makubwa. Mwaka 2015 tafiti 100 za saikolojia zilirudiwa, asilimia 97 ya zile za mwanzo zilikuwa na matokeo chini ya mpaka huo, ziliporudiwa ni kama 36 tu.

Laptopu ya kawaida inatosha. Kama chuo kinatumia SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, utaikuta maabara, nyumbani weka JASP au jamovi, ni za bure na zinabonyezeka kirahisi. Tafadhali usibebe programu ya wizi kwenye flashi, utapoteza faili zako zote kwa virusi siku mbili kabla ya kukusanya asaimenti.

La mwisho, zoea kuingiza data. Mstari mmoja mtu mmoja, safu moja swali moja, na asiyejibu umri usimwandikie 99 alafu ukasahau kuiambia programu, atakuwa bibi wa miaka 99 na wastani utapanda. Ukitaka mazoezi tafuta dodoso la Rosenberg la kujithamini, lina kauli 10 na tano zimegeuzwa, yaani ukikubali maana yake unajiona vibaya. Jaza mwenyewe kwa 1 mpaka 4, zile tano zibadilishe kwa kutoa jibu lako kwenye 5, ndo ujumlishe. Jumlisha pia bila kuzibadilisha, uone alama zimetofautiana kiasi gani kwa mtu yule yule, na karatasi hiyo uje nayo wiki ya kwanza.