Kupima ni watu wangapi wameshapata chikungunya: kutoka kwenye kaya hadi asilimia

Mwanafunzi wa uzamili aliniletea jedwali la majibu ya vipimo vya damu vya chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, kutoka pwani akauliza: "Mwalimu, hizi chanya zote niandike chikungunya?" Usiandike. Utaratibu ninaoufuata ni huu.

1. Pima IgG, aina ya kingamwili (kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi). Unatafuta maambukizi ya zamani. IgM, kingamwili ya mwanzo, hutoweka baada ya wiki au miezi, IgG hukaa miaka.

2. Idadi ya watu. Kama hujui kiwango cha maambukizi, kisia 50%. Kwa kosa la 5% utapata watu 384. Ila ukichagua kwa vitongoji, majirani huumwa na mbu wale wale, kwa hiyo zidisha kwa 2: 768. Ongeza na wa kufidia watakaokataa.

3. Kaya. Piga kura kutoka kwenye orodha ya mwenyekiti wa kitongoji. Damu zilizobaki zahanati ni rahisi kuzipata, lakini wanaokwenda zahanati si mtaa mzima. Watoto wasikosekane: mwenye kingamwili aliyezaliwa baada ya mlipuko wa mwisho anakuonyesha kuwa virusi vinazunguka kimya kimya. Walio chini ya mwaka mmoja waache, wanaweza kuwa na kingamwili za mama.

4. Damu. Ridhaa kwanza, kisha mililita 5 za mkononi kwa watu wazima. Tenganisha seramu (maji ya damu yasiyo na chembe) siku hiyo hiyo, gandisha. Tone la kidoleni kwenye karatasi linasifiwa sana. Mimi silitaki, kwa sababu hatua inayofuata inakula seramu.

5. Kutambua ni kirusi gani. Hapa ndipo kazi huharibika. ELISA, kipimo cha maabara cha kutafuta kingamwili, ya chikungunya huitikia pia kingamwili za o'nyong'nyong, ndugu yake wa karibu aliyelipuka Uganda mwaka 1959. Chikungunya huenezwa na Aedes. O'nyong'nyong huenezwa na Anopheles, mbu yule yule wa malaria. Ukivichanganya, utapeleka dawa kwa mbu asiyehusika.

Kwa hiyo chanya zote (zikiwa nyingi mno, sehemu yake iliyochaguliwa kwa kura) zipelekwe kwenye kipimo cha kuzuia virusi: seramu iliyopashwa nyuzi 56 kwa dakika 30 huzimuliwa hatua kwa hatua, huchanganywa na virusi hai, kisha hutazamwa ni vidoa vingapi (sehemu ambazo virusi vimeua seli) vimepungua kwenye seli. Kiwango cha kingamwili ni uzimuaji wa juu kabisa ambao bado unazuia virusi. Pima virusi vyote viwili sambamba, sahani za siku moja, seli za kundi moja. Chikungunya hai inahitaji maabara ya usalama wa ngazi ya 3, basi omba nafasi kabla hujaenda uwandani.

Kusoma majibu nako kuna mtego. Kingamwili za chikungunya huzuia o'nyong'nyong vizuri, lakini kinyume chake ni dhaifu. Ndiyo maana kipimo cha ulinganifu si kimoja: iite chikungunya ikiwa kiwango chake kimezidi cha mwenzake angalau mara 2, iite o'nyong'nyong ikiwa kimezidi angalau mara 4. Za katikati ziandike "alfavirusi (kundi la virusi hivi viwili), haikutambulika". Usizigawe kwa kukisia.

Ukipima na dengi, homa nyingine ya mbu, kuna shida ileile: kipimo chake huweza kuitikia kingamwili za chanjo ya homa ya manjano, kwa hiyo swali la chanjo liwe kwenye dodoso.

6. Sahihisha asilimia. Unyeti ni sehemu ya walioambukizwa ambayo kipimo hukuta chanya; umahususi ni sehemu ya wasioambukizwa ambayo hukuta hasi. Ukiandika zote kwa desimali (10% ni 0.10), chukua asilimia uliyoipata, jumlisha umahususi, toa 1, gawanya kwa (unyeti + umahususi − 1). Ukiona 10% kwa kipimo chenye unyeti wa 90% na umahususi wa 95%, ukweli ni kama 5.9%. Lamu, Kenya, ambako baada ya mlipuko wa chikungunya wa 2004 takriban 75% walikutwa na kingamwili, hesabu hii haibadilishi mengi; kwenye maambukizi machache inapunguza karibu nusu. Ripoti kwa rika.