Somo: Kupima pumzi nyumbani kwa pikifloo, na namna ya kuisoma namba yake

Somo hili ni la wanachama wetu wenye pumu. Kwa sehemu linawahusu pia wale ambao mapafu yao yamechoka kwa sababu nyingine: moshi wa miaka mingi, vumbi la kazini, au makovu ya kifua kikuu kilichokwisha kutibiwa. Kifaa chenyewe ni bomba la plastiki linaloshikika kwa mkono mmoja, halitumii betri, linaitwa pikifloo mita. Kinapima kitu kimoja tu, yaani hewa inatoka kifuani kwa kasi gani unapopuliza kwa nguvu zako zote. Jibu ni lita kwa dakika.

Kabla ya mengine yote: namba ya leo peke yake haikuambii kitu. Mtu mmoja akipuliza 350 yuko salama, mwenzake akipuliza 350 hiyo hiyo anatakiwa awe njiani kwenda hospitali. Namba hulinganishwa na namba zako mwenyewe, zilizopimwa kwa kifaa kilekile, mkao uleule, saa zilezile. Ndiyo maana asiye na daftari tunamwambia asinunue kifaa bado, anunue daftari kwanza.

Kifaa

Soma kipimo kilichochapishwa ubavuni. Cha mtu mzima kwa kawaida huanzia 60 hadi 800. Kile kidogo, cha watoto na wenye pumzi ndogo sana, huishia karibu na 400. Mtu ambaye hajawahi kuvuka 200 ni bora achukue kidogo, maana kwenye kikubwa kishale chake kitachezea chini kabisa na kushuka kwa lita 20 hatakuona. Tazama pia kama pameandikwa EU au EN 13826, yaani kipimo kipya cha Ulaya. Uingereza iliachana na kipimo cha zamani cha Wright mwaka 2004, na namba za vifaa vya zamani hazilingani na za vipya. Kwa hiyo ukibadilisha kifaa, chora mstari kwenye daftari na uanze upya kutafuta kilele chako.

Kupuliza

1. Pima asubuhi ukishaamka, kabla ya dawa, na jioni tena kabla ya dawa. Saa 12 asubuhi na saa 12 jioni panafaa kwa wengi. Alfajiri ndipo njia za hewa hubana zaidi, basi usishangae asubuhi kuwa chini ya jioni.

2. Simama wima. Usiyeweza kusimama, keti wima miguu ikiwa chini, na uandike "nimekaa". Leo kusimama na kesho kulala kwenye mto kunaharibu ulinganisho wote.

3. Rudisha kishale mwanzo kabisa. Shika kifaa mlalo, vidole visiguse mfereji ambamo kishale hupita wala kuziba matundu ya hewa ya nyuma.

4. Mdomo uwe mtupu: pipi, ugoro, tambuu, vyote nje.

5. Vuta pumzi kwa mdomo wazi mpaka kifua kijae kabisa. Hapohapo weka bomba kati ya meno, juu ya ulimi, midomo ilizunguke bila mwanya. Usikae na pumzi kifuani; ukichelewa zaidi ya sekunde mbili kasi hupungua.

6. Puliza mara moja, ghafla, kwa nguvu zote, kama unayetaka kuzima kibatari kilicho upande wa pili wa chumba. Inatosha chini ya sekunde moja. Huna haja ya kumaliza hewa yote.

7. Soma, rudisha kishale, pumzika kidogo, rudia. Mara tatu. Unaandika kubwa kuliko zote, wala si wastani. Kubwa mbili zikipishana zaidi ya lita 40, kuna kosa la upulizaji. Pumzika, ongeza mara moja au mbili.

Hatua ya sita ndiyo inayowashinda watu, na makosa yake yako ya aina mbili. Ya kwanza huishusha namba: kupuliza taratibu kwa muda mrefu, kuinama mbele, ulimi kuziba bomba, kukohoa katikati, au kuanza na kifua nusu. Ya pili huipandisha kwa uongo, na hii ni mbaya zaidi kwa sababu inamfariji mgonjwa. Mtu anajaza mashavu kisha anatema hewa kwa ulimi, kama anayetema kokwa la ubuyu. Kishale kinaruka hadi 600 ilhali kifua chake hakifiki 400. Ukiona namba moja imeruka mbali na zile nyingine mbili, mtazame mashavu anapopuliza. Ikibidi, mtu mwingine amshikie mashavu kwa viganja.

Usafi: maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo mara moja kwa wiki, suuza, kung'uta, acha kikauke chenyewe kivulini. Usichemshe, plastiki itapinda. Kwa unyevu wa Tanga kifaa kilichofungiwa kabatini kikiwa na maji kinaota ukungu. Kishale kikianza kukwama au kuteleza chenyewe, hakitengenezwi, kinabadilishwa.

Kutafuta kilele chako

Kilele ni namba kubwa kabisa unayoifikia ukiwa mzima, pumu ikiwa imetulia kwa dawa. Pima asubuhi na jioni kwa wiki mbili hadi tatu za utulivu, kisha chukua ile kubwa, mradi haikutokana na mashavu. Usitafute kilele wiki ya mafua.

Ukishakipata, piga hesabu mara moja na uandike kwenye jalada la daftari. Mfano, kilele 420: asilimia 80 yake ni 336, asilimia 50 ni 210. Weka alama ya rangi ya kucha ubavuni mwa kifaa kwenye namba hizo mbili, hata mtoto wa nyumbani ataweza kukusomea.

336 kwenda juu ni kijani: endelea na dawa zako kama kawaida. Kati ya 210 na 336 ni njano: njia zinabana. Tumia inhela ya kutuliza kama daktari alivyokuandikia, pima tena baada ya dakika 15 hadi 20. Ukipanda lakini ukawa unarudi njano kila siku, dawa ya kinga haitoshi au huitumii inavyotakiwa, kamwone daktari wiki hiyo. Chini ya 210 ni nyekundu: dawa ya kutuliza sasa hivi, kwa spesa (chupa ya plastiki inayofungwa kwenye inhela) kama ipo, na safari ya hospitali ianze bila kungoja kuona itakuwaje. Aliyeshuka chini ya theluthi ya kilele chake maisha yake yako hatarini.

Na kuna dalili zinazoishinda namba. Asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, anayepumua zaidi ya mara 25 kwa dakika, midomo iliyobadilika rangi, usingizi wa ghafla au kuchanganyikiwa: huyo hapimwi, anapelekwa. Mluzi wa kifuani ukinyamaza ghafla huku mtu bado anahema, hajapona. Hewa ndiyo imekuwa ndogo mno hata kupiga mluzi.

Kusoma mwendo wa wiki

Hapa ndipo daftari linalipa. Chukua siku moja: asubuhi 320, jioni 390. Tofauti ni 70. Wastani wa namba hizo ni 355. Gawa 70 kwa 355, unapata karibu asilimia 20. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili, kisha tafuta wastani wa asilimia zote. Kwa mtu mzima, wastani ukizidi asilimia 10 pumzi inayumba kupita kawaida; kwa mtoto ni asilimia 13. Pumu huanza kuyumba kabla haijashuka, na ukiuona myumbo huo mapema utakuwa umejiepushia usiku wa kuhangaika.

Pembeni mwa kila namba andika neno moja: mafua, mkaa, udi, mvua, kufagia, godoro la sufi. Nyumba zetu za pwani zina ubani na udi kila Alhamisi jioni, zina na dawa ya mbu ya kuchoma. Vyote ni moshi. Usimwambie mtu aache udi kwa kumhubiria, mpe kifaa apime kabla ya kufukiza na nusu saa baadaye. Wengine haishuki kabisa, wafukize kwa raha zao.

Maswali ya wanachama, kutoka maeneo ya Tanga

*Makorora: Mwanangu ana miaka minne, anabanwa sana usiku. Nimnunulie pikifloo?*

Bado, mama. Chini ya miaka mitano hivi watoto hawawezi kupuliza sawasawa, utapata namba za kubahatisha. Kwa umri wake hesabu pumzi: akiwa ametulia au amelala, mfunue fulana, hesabu tumbo linavyopanda kwa dakika nzima ukitazama saa, usihesabu nusu dakika ukazidisha. Kati ya mwaka mmoja na miaka mitano, 40 au zaidi ni pumzi ya kasi. Tazama na chini ya mbavu: pakiingia ndani kila anapovuta, mpeleke hospitali usiku huohuo.

*Pongwe: Kazini kwetu vumbi ni jingi. Nitajuaje kama ndilo linalonibana au ni pumu yangu tu?*

Pima angalau mara nne kwa siku, ukiamka, katikati ya zamu, ukitoka kazini, kabla ya kulala, kwa wiki nne, na siku za mapumziko zihesabike humo. Usibadilishe dawa katika muda huo. Namba zikishuka siku za kazi na kupanda siku za mapumziko, una ushahidi wa kumwonyesha daktari. Wiki moja haitoshi, kwa kuwa baadhi ya watu huhitaji siku kadhaa za mapumziko kabla kifua hakijaachia. Ni hivyohivyo kwa wa korona za mkonge (viwanda vya kuchakata mkonge), hasa chumba cha brashi nyuzi zinaposuguliwa, na wa saruji na chokaa. Andika saa halisi uliyopima. Daftari lenye namba nne zilizojazwa kwa mkupuo jioni linajulikana kwa kulitazama tu.

*Ngamiani: Ramadhani napima saa ngapi?*

Kabla ya daku na kabla ya futari, kila siku hivyo. Kupuliza hakuingizi kitu mwilini. Kuhusu inhela mchana wa funga wanazuoni wana kauli tofauti, muulize sheikh wako mapema, na daktari akupangie dawa ya kinga ianguke daku na futari. Ila ukiingia nyekundu tumia dawa. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa.

*Chumbageni: Namba zangu ziko kijani miezi minne sasa. Naweza kuacha inhela ya kahawia nibaki na ya bluu?*

Ziko kijani kwa sababu ya hiyo ya kahawia, ndiyo dawa ya kinga, dada. Ya bluu, salbutamol, ndiyo ya kutuliza, hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache tu. Uvimbe wa ndani hauugusi. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri mtu kutibiwa pumu kwa salbutamol peke yake. Utulivu wa miezi mitatu na zaidi unamruhusu daktari kupunguza kipimo kidogokidogo, nawe unaendelea kuandika ili kushuka kuonekane mapema.

*Raskazone: Nina oksimita ya kidoleni, ile ya kupima oksijeni ya damu, inasoma 97. Si inatosha?*

Haitoshi kwa pumu. Oksijeni hushuka mwishoni, pikifloo ikiwa imekwisha shuka zamani. Ukiitumia, keti dakika tano, mkono utulie, ngoja namba isimame kwa nusu dakika. Rangi ya kucha na piko nyeusi vinaizuia kusoma, chagua kidole kisichopakwa. Kwenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha juu kidogo kuliko ukweli, kwa hiyo 93 usiipuuze. Kwa mwenye pumu chini ya 92 ni hospitali.

*Duga: Shikamoo. Baba ana miaka 68, amevuta sigara tangu ujana. Pikifloo yake ni 180 mwezi mzima, haibadiliki, lakini kutoka kitandani hadi msalani anachoka kuliko zamani.*

Marahaba. Kwa ugonjwa wa mapafu ya sigara pikifloo inadanganya kwa utulivu wake. Inapima mpulizo wa kwanza tu, ilhali tatizo lake liko kwenye hewa inayobaki kifuani bila kutoka. Nyumbani muangalieni mambo matatu kila siku: pumzi, wingi wa makohozi, na rangi yake. Makohozi yakiongezeka na kugeuka manjano au kijani huku pumzi ikizidi kuwa fupi, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Kikohozi kikizidi wiki mbili, apimwe na kifua kikuu pia. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Kipimo kinachomfaa ni spirometria, muulizeni daktari atakapomwelekeza. Hapo atapuliza kwa nguvu kisha aendelee kusukuma hewa kwa sekunde sita au zaidi, kabla na baada ya dawa. Ikiwa baada ya dawa hewa ya sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya hewa yote aliyotoa, njia zimeziba kwa kudumu. Asitumie inhela ya bluu kwa saa nne hadi sita kabla, ila akibanwa aitumie na awaambie. Asivute sigara angalau saa moja kabla, asile akashiba sana, na kama amepata mshtuko wa moyo au kufanyiwa operesheni ya jicho karibuni aseme kabla ya kushika bomba. Mkanda ulegezwe. Meno ya bandia yaliyokaa vizuri yabaki mdomoni.