Springi ya slaidi kwenye bastola ya .22: kabla hujainunua nyingine wala kuikata

Bastola ya .22 LR (risasi ndogo ya inchi 0.22) ikianza kukwama, springi ya slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele kila unapofyatua, ndiyo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi husingiziwa. Mwongozo huu ni wa bastola za bloubeki, yaani zile ambazo hakuna kinachofunga slaidi na mtutu pamoja: ganda lenyewe husukumwa nyuma na gesi, nalo likaisukuma slaidi.

Tuondoe kosa moja mapema. Springi siyo inayoizuia slaidi isifunguke kabla ya wakati. Shinikizo la juu kabisa linaloruhusiwa kwa .22 LR ni takriban megapaskali 165, na eneo linalosukumwa ndani ya ganda ni kama milimita 25 za mraba. Hiyo ni nguvu ya karibu kilo 400, wakati springi ya slaidi iliyofunga husukuma kwa kilo chache tu. Kinachochelewesha slaidi ni uzito wake. Springi ina kazi mbili: kumaliza mwendo wa slaidi kabla haijaigonga fremu kwa kishindo, kisha kuirudisha mbele ichukue risasi na kufunga chemba, tundu la mtutu linalokaa risasi, kabisa.

Hatua ya 1: Safisha, halafu ndipo ushuku

Toa magazini kwanza, vuta slaidi, kisha kagua chemba kwa macho na kwa kidole. Ukibadili mpangilio huo, risasi nyingine itapanda kutoka kwenye magazini.

Risasi nyingi za .22 zimepakwa nta au grisi, na masizi yake hugandamana haraka. Chemba chafu hulibana ganda, na slaidi hupoteza mwendo kabla haijaanza safari. Sugua chemba, uso wa slaidi na kucha inayovuta ganda. Paka mafuta kidogo kwenye reli. Kagua pia mdomo wa chemba: kufyatua bila risasi kwenye baadhi ya bastola huifanya pini igonge ukingo na kuuacha na kibonyeo. Kibonyeo hicho hukwamisha risasi kuingia na ganda kutoka, na hakuna springi itakayokiponya.

Hatua ya 2: Jaribio la risasi moja

Ukiwa kwenye uwanja wa shabaha, umevaa miwani na kinga ya masikio, weka risasi moja tu kwenye magazini, ipakie, ushike bastola kwa uthabiti, ufyatue. Kama bastola yako hushikilia slaidi risasi zikiisha, slaidi inapaswa kubaki nyuma. Rudia mara 10. Mkono uliolegea huila nguvu ya slaidi, kwa hiyo usihukumu springi kwa mshiko mbovu.

Fanya hivyo kwa aina mbili za risasi. Risasi ya CCI Standard ya greini 40 (kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) imewekewa futi 1,070 kwa sekunde. Mini-Mag ya CCI, ya uzito uleule, futi 1,235. Tofauti ni asilimia 15 tu, lakini nishati ya slaidi hufuata mraba wa kasi yake, kwa hiyo springi hukabiliwa na karibu theluthi moja zaidi. Ndiyo maana springi inayofaa risasi moja huweza kukataa nyingine.

Hatua ya 3: Soma dalili

Springi ngumu mno: ganda linasimama wima likiwa limebanwa na slaidi, au linatoka lakini risasi inayofuata haichukuliwi, au nyundo haikai nyuma tayari kupiga. Slaidi haikufika nyuma. Ikiwa Mini-Mag inamaliza tatizo, umepata jibu. Lisipokwisha, tazama kucha na ejekta, kipande kinacholirusha ganda nje.

Springi laini mno: maganda yanarushwa mbali, fremu au bafa (kipande cha kupunguza kishindo) ina alama mpya za kugongwa, au slaidi inarudi kivivu na kuacha mwanya mdogo. Mwanya huo usiuchukulie kirahisi. Kitako cha ganda la .22 ni chembamba na kisiposhikiliwa kinaweza kupasuka.

Dalili inayowachanganya wengi ni slaidi kupita juu ya risasi bila kuichukua. Kama jaribio la risasi moja lilifaulu mara zote 10, mwendo unatosha. Mshukiwa ni springi ya magazini, ambayo haiinui risasi kwa wakati.

Hatua ya 4: Badilisha, usikate

Linganisha urefu wa springi yako na mpya ya modeli ileile. Iliyofupika waziwazi, itupe. Kisha panda au shuka kwa takriban asilimia 5 hadi 10 ya nguvu ya springi kila mara. Usichague kwa kukadiria unene wa waya: ugumu hufuata unene kwa kipeo cha nne, kwa hiyo kutoka milimita 0.9 hadi 1.0, kipenyo na idadi ya koili zikibaki vilevile, ni ongezeko la asilimia 52.

Kukata koili ni tiba inayopendwa na inayopotosha. Chukua springi ya milimita 100 yenye koili 20 na ugumu wa niutoni 0.5 kwa milimita. Ikifungwa kwenye milimita 60 inasukuma niutoni 20. Slaidi ikiwa nyuma, kwenye milimita 30, niutoni 35. Kata koili moja: urefu unakuwa 95, ugumu unapanda hadi 0.526. Sasa mbele ni 18.4 na nyuma 34.2. Nguvu ya kufunga imeshuka asilimia 8, ile ya nyuma asilimia 2 tu. Ulitaka slaidi ifike nyuma, ukapata chemba isiyofunga vizuri.

Wala usilegeze springi ya nyundo ili slaidi ivutike kirahisi. Rimufaya, yaani risasi kama .22 ambayo baruti ya kuwashia iko kwenye ukingo wa kitako, huhitaji kipigo kizito cha kuuponda ukingo huo. Kikipungua, risasi zinaanza kukataa kulipuka.

Kabla ya kufyatua, zidisha idadi ya koili kwa unene wa waya. Jibu liwe dogo kuliko nafasi iliyopo slaidi ikiwa nyuma kabisa, la sivyo springi itasimamisha slaidi badala ya fremu.

Hatua ya 5: Thibitisha

Rudia jaribio la risasi moja, kisha magazini zilizojaa, kwa risasi dhaifu kuliko zote unazokusudia kutumia. Baada ya hapo piga risasi 200 bila kusafisha na urudie jaribio hilo tena. Springi inayofaulu bastola ikiwa safi tu bado ni ngumu mno. Shuka ngazi moja, halafu ukague fremu kwa alama mpya baada ya magazini kadhaa za Mini-Mag.